Nani ana ajira na nani hana? Jinsi wanatakwimu wanavyoamua

Swali: Nyumbani kwetu tuko watu wazima watano. Baba peke yake ndiye mwenye kazi ya kueleweka, na hata yeye kwa sasa yuko likizo ya ugonjwa. Kaka yangu ana shahada na huu ni mwaka wa pili hana kazi, lakini mdadisi wa takwimu alipopita alimwandika kuwa ana ajira, eti kwa sababu wiki ile alimsaidia mjomba kupakua mzigo dukani asubuhi moja. Dada yangu ametafuta kazi mpaka amechoka, akaacha. Hakuandikwa kuwa hana ajira. Mama analima chakula tunachokula sote, naye akawekwa kando. Mimi nimeshasaini mkataba wa kazi nitakayoanza mwezi ujao, na ni mimi niliyeandikwa kuwa sina ajira! Halafu tunasoma kwamba ukosefu wa ajira umeshuka. Je, takwimu hizi zinapikwa?

Jibu: Kwa maelezo uliyotoa sioni kilichopikwa. Mdadisi wenu aliifanya kazi yake sawasawa, na wote watano aliwaweka pale kanuni zinapotaka wawekwe. Hata hivyo malalamiko yako yana msingi, maana wewe na yeye mnalitumia neno "ajira" kwa maana mbili. Ukisema kaka yako hana ajira, unazungumzia maisha yake: hana kipato cha kutegemewa, na elimu yake imekaa bure. Mdadisi hakuja kupima hilo. Alikuja kuuliza kila mmoja alifanya nini katika siku 7 zinazojulikana kwa tarehe, na majibu ndiyo yaliyoamua. Cheti, hadhi, hata jinsi mtu anavyojitambulisha mwenyewe, havina nafasi katika uamuzi huo.

Kanuni zenyewe zinatokana na maazimio ya Mkutano wa Kimataifa wa Wanatakwimu wa Kazi, unaoitishwa na Shirika la Kazi Duniani, ILO. Azimio la mwaka 1982 lilitawala kwa takriban miaka 30. Azimio la Oktoba 2013 ndilo lililochukua nafasi yake, ingawa nchi hazikuhamia zote kwa pamoja, na hilo lenyewe huleta mkanganyiko nitakaougusa mbele.

Maswali matatu, na mpangilio wake

Mdadisi huanza na watu wenye umri wa kufanya kazi. Kwa kawaida ni miaka 15 na kuendelea, bila ukomo wa juu. Marekani huanzia miaka 16. Kila mmoja wao hupitishwa kwenye maswali matatu, na mpangilio wa maswali hayo una uzito sawa na maswali yenyewe.

La kwanza: katika wiki ya rejea, yaani zile siku 7 zilizotajwa kwa tarehe, je, ulifanya kazi yoyote ya ujira au ya faida, hata kwa saa moja? Au una kazi ambayo wiki hiyo hukwenda kwa sababu isiyo ya kudumu? Akijibu ndiyo, ameshahesabiwa kuwa ana ajira, na maswali mengine hayawezi kubadilisha hilo.

La pili, kwa aliyejibu hapana: katika wiki 4 zilizopita, ulifanya hatua yoyote ya kutafuta kazi au kuanzisha shughuli yako mwenyewe?

La tatu: kazi ingepatikana, ungeweza kuianza wiki ile, au ndani ya muda mfupi baada yake usiozidi wiki 2?

Aliyejibu ndiyo kwa la pili na la tatu ndiye "asiye na ajira". Aliyekosa moja kati ya hayo mawili yuko "nje ya nguvu kazi". Wenye ajira na wasio na ajira, wakijumlishwa, ndio nguvu kazi.

Kwa hiyo kazi hushinda kutafuta, na kutafuta hushinda mengine yote. Mwanafunzi anayefundisha wenzake kwa malipo saa 4 mwishoni mwa wiki ana ajira. Mstaafu anayetuma maombi na yuko tayari kuanza kesho hana ajira, hata kama anapokea pensheni. Mwenye kibarua cha siku mbili anayesaka kazi bora usiku na mchana ana ajira. Kila mtu huwekwa kundi moja tu, kwa hiyo hakuna anayehesabiwa mara mbili.

Saa moja ya kaka yako

Hapa ndipo watu wengi hukasirika, kwa hiyo nitakaa kidogo. Dodoso lililotungwa vizuri haliulizi "Je, una kazi?" Ukiuliza hivyo, mtu anayeshinda juani akibeba mizigo kwa malipo ya siku atakujibu "sina", na mke anayeuza duka la familia atakwambia "mimi niko nyumbani tu". Swali huvunjwa vipande, na kila kipande husomwa kwa sauti:

"Kuanzia Jumatatu hadi Jumapili iliyopita, ulifanya kazi yoyote kwa mtu au taasisi kwa ujira, hata kwa saa moja?"

"Uliendesha biashara au shughuli yoyote ya kujipatia kipato, hata iwe ndogo kiasi gani?"

"Ulisaidia, hata bila malipo, katika biashara ya mtu wa familia yako?"

Kaka yako angekwepa la kwanza, asingekwepa la tatu. Kama mjomba alimpa chochote, iwe fedha taslimu au bidhaa, huo ni ujira na anaingia kwa swali la kwanza. Kama hakupewa kitu, anaingia kama msaidizi katika shughuli ya familia, maana azimio la 2013 linamtambua anayesaidia biashara ya ndugu hata akiwa anaishi kaya nyingine. Angemsaidia mjomba kuhamisha vyombo vya nyumbani bila malipo, asingehesabiwa, kwa kuwa pale hapana biashara. Marekani wana tofauti yao katika hili: msaidizi wa familia asiyelipwa lazima afikishe saa 15 kwa wiki ndipo aitwe mwenye ajira, lakini anayelipwa bado kipimo chake ni saa moja.

Kwa nini saa moja? Sababu ya kwanza ni hesabu za taifa. Pato la taifa linajumlisha thamani ya huduma na bidhaa zinazozalishwa, na mzigo alioupakua kaka yako umo ndani ya mauzo ya duka lile. Ukitaka kujua uzalishaji kwa kila saa ya kazi, lazima saa zake nazo ziwemo. Sababu ya pili ni kwamba "ukosefu wa ajira" umechukuliwa kwa maana kali, yaani kukosa kazi kabisa. Ukihamishia mpaka kwenye saa 10, aliyefanya saa 9 ataandikwa kuwa hakufanya kitu. Mpaka wowote ulio juu ya sifuri utakuwa wa kubuni, na kila serikali itapata hamu ya kubuni wake.

Saa moja inakuwa tatizo pale msomaji anapoishia kwenye kiwango cha ukosefu wa ajira bila kufungua jedwali la saa za kazi. Kaka yako yumo humo, chini ya kichwa cha "ajira pungufu". Masharti yake ni matatu: saa alizofanya katika kazi zake zote ziwe chini ya kiwango kilichowekwa na nchi (nyingi hutumia 35 au 40 kwa wiki), awe anataka saa zaidi, na awe tayari kuzifanya zikipatikana. Mdadisi akisahau swali la "je, ungependa kufanya kazi kwa saa zaidi?", kaka yako anafanana kwenye takwimu na meneja wa benki. Ndiyo maana wasimamizi wa utafiti hulikagua sana swali hilo.

Baba: ana kazi, hakwenda kazini

Likizo ya ugonjwa, ya mwaka na ya uzazi hazimtoi mtu kwenye ajira. Kwa sababu nyingine, kwa mfano kusimamishwa kwa muda, masomo au kazi kupungua, mdadisi huangalia kama kamba inayomfunga na kazi ile bado ipo: je, ana uhakika wa kurudi kwenye kazi ileile ndani ya miezi 3 hivi, au anaendelea kulipwa? Kibarua wa msimu ambaye msimu umekwisha, na hana la kufanya mpaka msimu ujao, hahesabiwi kuwa ana ajira hata kama mwajiri amemwahidi kumwita tena.

Kundi hili ni dogo siku za kawaida, kisha siku moja linaweza kuvuruga takwimu za nchi nzima. Aprili 2020, korona ilipofunga shughuli Marekani, wafanyakazi wengi waliorudishwa nyumbani waliandikwa kuwa "wana kazi ila hawakuwepo kwa sababu nyinginezo", wakati maelekezo yalitaka wahesabiwe kuwa hawana ajira kwa kusimamishwa kwa muda. Idara ya takwimu za kazi ya nchi hiyo ilitangaza kiwango cha asilimia 14.7, na katika taarifa ileile ikaeleza kwamba bila kosa hilo kingekuwa juu zaidi kwa karibu pointi 5 za asilimia. Haikurekebisha majibu ya mtu mmoja mmoja, kwa sababu kanuni yake ni kutoyagusa majibu yakishaandikwa. Badala yake ililiweka wazi kosa na ukubwa wake. Ofisi ya takwimu inayofanya hivyo ndiyo ya kuaminiwa.

Mama: anafanya kazi, ila si ajira

Badiliko kubwa la 2013 liko hapa. Azimio liligawa kazi katika aina tano: kazi ya uzalishaji kwa matumizi ya kaya yenyewe, ajira, mafunzo kwa vitendo yasiyolipwa, kujitolea, na nyinginezo kama kazi za kutumikia adhabu ya mahakama. Zote ni kazi. Ajira ni ile tu inayofanywa kwa ujira au faida.

Mdadisi humuuliza mkulima: mazao haya unayalima hasa kwa kuuza, au hasa kwa kula? Akijibu kuuza, hata kama atabakiza kidogo jikoni, ana ajira. Akijibu kula, hata kama atauza kidogo kilichozidi, ni mzalishaji kwa matumizi ya kaya, na swali la ajira linaendelea kama vile hajafanya kazi. Akiwa pia anatafuta kazi ya ujira na yuko tayari kuianza, ataandikwa kuwa hana ajira. Asipotafuta, yuko nje ya nguvu kazi, kama mama yako.

Kwa kanuni za 1982 mama yako angehesabiwa kuwa ana ajira, mradi chakula anacholima ni sehemu kubwa ya matumizi ya kaya. Ndiyo sababu nchi yenye wakulima wengi wadogo ikihamia kanuni mpya, idadi ya wenye ajira hushuka ghafla, hasa wanawake wa vijijini, wakati mashambani hakuna kilichobadilika. Ukiona grafu imevunjika hivyo, tafuta kwanza mwaka ambao kanuni zilibadilishwa.

Faida ya mgawanyo huu ni kwamba kilimo cha chakula, kuchota maji, kupika na kulea watoto sasa vinaweza kupimwa kwa saa zake kama kazi. Hasara inakuja pale ripoti inapochapisha jedwali la ajira na kuliacha jedwali la kazi za nyumbani na za kujikimu. Naliona hilo ni dhuluma ya kitakwimu: umemtoa mama kwenye jedwali moja kwa ahadi kwamba atatokea kwenye jingine, kisha hilo jingine hukulichapisha.

Dada: amechoka kutafuta

Nia ya kufanya kazi haitoshi; linalopimwa ni tendo. Miongoni mwa yanayokubalika ni kupeleka maombi, kwenda getini kwa mwajiri kuuliza, kujiandikisha kwa wakala wa ajira, kuwaomba ndugu na marafiki wakutafutie, kuweka au kuhuisha wasifu wako mtandaoni, na kwa anayetaka kujiajiri, kusaka mtaji, kiwanja, mashine au leseni. Tendo moja ndani ya wiki 4 linatosha. Watu wengi hawajui kwamba kumwomba rafiki akusikilizie kazi kunahesabika, kwa hiyo hujibu "sijatafuta" wakati wametafuta. Mdadisi makini huisoma orodha yote.

Nchi hazilingani katika matendo madogo. Kuangalia tu matangazo ya kazi ni kutafuta kwa mujibu wa takwimu za Kanada, lakini si kutafuta kwa mujibu wa Marekani, ambako lazima ulijibu tangazo hilo. Mtu yuleyule akivuka mpaka hubadilika kundi.

Dada yako, kama hajafanya lolote kati ya hayo kwa wiki 4, hawezi kuandikwa asiye na ajira. Maswali yake hata hivyo hayajaisha. Anapaswa kuulizwa: ungependa kufanya kazi? Ungeweza kuanza ikipatikana? Kwa nini hukutafuta? Akijibu ndiyo, ndiyo, na "naona hakuna kazi ya kunifaa", anaingia katika "nguvu kazi tarajiwa", kwenye kundi dogo la waliokata tamaa. Kundi la pili ndani ya nguvu kazi tarajiwa ni la kinyume chake: waliotafuta lakini wasingeweza kuanza mapema, mathalani mzazi ambaye hajapata wa kumwachia mtoto.

Azimio la 1982 liliruhusu nchi kulegeza sharti la kutafuta pale ambapo njia rasmi za kutafuta kazi ni chache, na zipo zilizofanya hivyo. La 2013 liliondoa ruhusa hiyo na kuweka nguvu kazi tarajiwa mahali pake, ili namba kuu inayotangazwa ilinganishike baina ya nchi na akina dada yako waonekane kwa jina lao. Kwa miaka mingi Afrika Kusini imechapisha viwango viwili kwa pamoja, cha kawaida na kilichopanuliwa, na nafasi kati ya viwango hivyo ndiyo inayosimulia habari yenyewe.

Hata maana ya "aliyekata tamaa" hutegemea dodoso. Mwaka 1994 Marekani ilibadilisha dodoso lake ikataka mtu awe ametafuta angalau mara moja ndani ya miezi 12 iliyopita na awe tayari kuanza. Hesabu ya waliokata tamaa ikashuka kwa takriban nusu. Dodoso hilohilo jipya lilirekebisha aibu ya zamani. Awali mahojiano yalifunguliwa kwa kuuliza mtu alishinda akifanya nini zaidi wiki iliyopita, na mdadisi alichagua maneno kwa kumwangalia: mwanamume aliulizwa kuhusu kufanya kazi, mwanamke kuhusu kutunza nyumba. Wanawake waliokuwa na saa chache za ujira walipotelea hapo.

Na wewe mwenye mkataba mkononi

Wiki ile hukufanya kazi, kwa hiyo huwezi kuwa na ajira. Mkataba unahusu siku zijazo. Hukutafuta kwa kuwa umeshapata, lakini kanuni zinakusamehe sharti la kutafuta kama kazi itaanza ndani ya muda mfupi, kwa kawaida usiozidi miezi 3, na kama ungeweza kuianza hata sasa. Kwa hiyo: huna ajira. Ungemwambia mdadisi kwamba usingeweza kuanza kabla ya mwezi ujao, kwa mfano kwa sababu ya mitihani, angekuweka nje ya nguvu kazi. Marekani hawakusamehi: tangu 1994 anayesubiri kuanza kazi mpya lazima awe ametafuta ndani ya wiki 4.

Tupige hesabu ya nyumba yenu

Wenye ajira ni wawili, baba na kaka. Asiye na ajira ni mmoja, wewe. Nguvu kazi ni watu 3. Nje ya nguvu kazi ni mama na dada.

Kiwango cha ukosefu wa ajira: 1 kugawanya kwa 3, asilimia 33.3. Ungetumia kanuni za 1982, mama angeongezeka kwenye ajira, na kiwango kingekuwa 1 kwa 4, asilimia 25.

Azimio la 2013 linaweka viwango vingine vitatu kando ya hicho. Ukijumlisha ajira pungufu (kaka) na ukosefu wa ajira: 2 kwa 3, asilimia 66.7. Ukijumlisha ukosefu wa ajira na nguvu kazi tarajiwa (dada), na kumwongeza dada kwenye kigawanyo pia: 2 kwa 4, asilimia 50. Ukiwachukua wote watatu: 3 kwa 4, asilimia 75.

Mwezi ujao unaanza kazi. Wenye ajira wanakuwa 3, asiye na ajira hakuna, na kiwango cha ukosefu wa ajira cha nyumba yenu kinakuwa asilimia 0, wakati kaka bado anapakua mzigo asubuhi moja kwa wiki na dada bado amekaa. Kiwango kipana cha mwisho kinasema 2 kwa 4, asilimia 50. Namba zote mbili ni sahihi. Anayekutangazia ya kwanza pekee amekuficha kaka na dada.

Sasa "ukosefu wa ajira umeshuka". Chukua watu 1,000 wenye umri wa kufanya kazi: 540 wana ajira, 60 hawana, 400 wako nje, na kati ya hao 400, 80 ni nguvu kazi tarajiwa. Kiwango ni 60 kwa 600, asilimia 10. Watu 20 waliokuwa wakitafuta wakikata tamaa, inakuwa 40 kwa 580, asilimia 6.9. Hakuna hata mmoja aliyepata kazi. Kiwango kinachojumlisha nguvu kazi tarajiwa kilikuwa 140 kwa 680, na bado ni 140 kwa 680, asilimia 20.6. Uwiano wa wenye ajira kwa watu wote bado ni asilimia 54. Kwa hiyo kushuka kwa kweli hutambulika pale uwiano wa wenye ajira unapopanda wakati huohuo. Kinyume chake pia hutokea: uchumi ukianza kuchangamka, waliokata tamaa hurudi kutafuta, na kiwango hupanda kwa muda ingawa mambo yanaelekea kwema.

Panapoharibika

Kosa linalotokea zaidi ni mtu mmoja kujibia wengine. Mkuu wa kaya akiulizwa kuhusu binti yake atasema "hana kazi", hajui kwamba anasuka wenzake kwa malipo, na hajui kama alituma maombi wiki 3 zilizopita. Tafiti huruhusu majibu ya niaba kwa sababu ya muda na gharama, lakini saa chache za ujira na hatua za kutafuta kazi ndizo za kwanza kupotea. La pili ni wiki ya rejea kugeuka kuwa "siku hizi": mdadisi asipotaja tarehe, mhojiwa hujibu kuhusu hali yake ya kawaida. La tatu ni mdadisi aliyechoka kuruka vipande vya swali la kwanza, maana kila ndiyo humfungulia kurasa nyingine za maswali kuhusu kazi hiyo.

Kwenye matumizi, kosa kubwa ni kuchanganya utafiti wa kaya na daftari la waliojiandikisha kuwa wanatafuta kazi. Daftari linahesabu waliokwenda kujiandikisha, mara nyingi kwa sababu kuna posho au nafasi. Kanuni za posho zikibanwa, daftari hupungua bila kazi kuongezeka. Katika utafiti wa kaya hakuna anayehitaji kuwa amejiandikisha popote.

Jingine ni vijana. Kati ya vijana 100, tuseme 60 wanasoma na hawatafuti kazi, 28 wana ajira na 12 hawana. Kiwango cha ukosefu wa ajira kwa vijana ni 12 kwa 40, yaani asilimia 30, na gazeti litaandika kwamba vijana 30 kati ya 100 hawana kazi. Wako 12.

Kisha kuna ukubwa wa sampuli. Utafiti wa kila mwezi wa Marekani hulenga takriban kaya 60,000, na hata hivyo badiliko lisilofikia pointi 0.2 za asilimia kwa mwezi huchukuliwa kuwa haliwezi kutofautishwa na bahati ya sampuli. Nchi yenye sampuli ndogo inahitaji badiliko kubwa zaidi kabla ya mtu kushangilia. Na kama namba hazijasahihishwa kwa msimu, linganisha robo ya mwaka na robo ileile ya mwaka uliopita. Ukilinganisha msimu wa mavuno na miezi ya ukame, utapima mvua.

Mdadisi akirudi kwenu, kila aliyepo ajijibie mwenyewe, kwa wiki aliyotajiwa. Kaka ataje saa zake na aseme wazi kwamba anataka nyingine. Dada, kama katika mwezi huo alimwomba hata mtu mmoja amtafutie kazi, alitaje. Na kama hakufanya lolote, aeleze kwa nini na kwamba yuko tayari, kwa sababu jibu hilo lina mahali pa kuandikwa. Mama ataje analima nini na kwa saa ngapi. Na ukiisoma ripoti inayofuata, tafuta kwanza ukurasa wa maelezo ya kanuni, uone kama ni za 1982 au 2013, halafu uwiano wa wenye ajira kwa watu wote, kisha ajira pungufu na nguvu kazi tarajiwa, ambazo mara nyingi huwa kwenye majedwali ya nyuma.